Maua meupe, mizizi yenye mafundo: namna ARN iliingia katika vita ya mimea na minyoo



Mwaka jana nilipita kwa mama mmoja anayelima tomati katika bonde la Ruzizi. Shamba lake lilikuwa na kitu cha ajabu: mimea mifupi, majani ya njano, na saa sita mchana yote imelegea kama watu waliokesha matangani, hata kama maji hayakukosekana. Akang'oa mche mmoja, akanionyesha. Mizizi ilikuwa imejaa mafundo, mengine sawa punje ya mahindi, mengine yameshikamana kama tangawizi. Akaniambia: « Agronomu, udongo umechoka. » Jirani yake aliyesimama pale alikuwa na maelezo mengine, yaliyohusu mtu fulani na wivu wake. Hayo nayaacha.

Yale mafundo siyo kama ya maharagi. Ya maharagi yako pembeni ya mzizi, ukiyagusa na kucha yanatoka, na yanasaidia mmea kupata azote. Haya ya tomati ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukitaka kuyatoa lazima uuvunje. Ndani yake kunakaa mnyoo, nematodi ya jamii ya Meloidogyne. Jike lake liko na umbo la avoka na linakaribia ukubwa wa punje ya chumvi. Haliendi tena popote. Linakula palepale, linataga mayai mamia, na linafia palepale.

Siku hizi tunajua kwamba kati ya huyo mnyoo na mzizi kuna mazungumzo, na sehemu ya mazungumzo hayo inapita kwa njia ya ARN. Namna watu walifika kujua hivyo njo nataka kusimulia leo, juu karibu kila hatua ilianza na matokeo ambayo mwenye kuyapata hakuyataka.

Mtu wa kwanza kuandika juu ya mnyoo ndani ya mmea alikuwa padri wa Kiingereza, John Turberville Needham, mwaka 1743. Alifungua punje nyeusi za ngano iliyougua, akaona kitu kama nyuzi nyeupe kavu. Akaweka tone la maji ili zitengane, azione vizuri chini ya mikroskopi. Zikaanza kutembea. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1855 mwingine wa kanisa, Miles Joseph Berkeley, akaeleza mafundo kwenye mizizi ya matango yaliyopandwa ndani ya nyumba za vioo kule Uingereza. Yalikuwa mafundo yaleyale ya mama wa Ruzizi.

Nasi hatukuwa mbali na historia hiyo. Mwaka 1938 kilichapishwa Bruxelles kitabu cha kurasa zaidi ya mia mbili juu ya nematodi zinazoishi huru ndani ya udongo wa Parc National Albert, yaani Virunga yetu ya leo. Udongo huo ulikuwa umekusanywa na misheni ya de Witte kati ya 1933 na 1935. Wale si wa kushambulia mimea, lakini inanifurahisha kujua kwamba kabla babu zetu wengi hawajaandikwa katika kitabu cha serikali, minyoo ya kwetu ilikuwa tayari imehesabiwa na kupewa majina ya Kilatini.

Kwa muda mrefu, kumjua mnyoo hakukusaidia mkulima kitu. Halafu mwaka 1943 Walter Carter, aliyekuwa akifanya kazi katika mananasi ya Hawaii, akaonyesha kwamba kemikali moja iliyoitwa D-D, ukiipiga ndani ya udongo, mimea inasimama vizuri. Hapo njo dunia ilishtuka kuona ni mavuno kiasi gani yalikuwa yanaliwa bila mtu kuona. Biashara ikafunguka. Katika miaka ya 1950 ikaja dawa nyingine, DBCP, iliyouzwa kwa majina kama Nemagon na Fumazone. Iliingia katika mashamba ya ndizi, ya mananasi, ya matunda.

Hapa nasimama kidogo, juu bila kipande hiki huwezi kuelewa sababu gani watu walihangaika hivyo kutafuta njia ya ARN. Mwaka 1961 kulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba panya waliovuta hewa ya DBCP makende yao yalisinyaa. Dawa ikaendelea kuuzwa. Mwaka 1977, kwenye kiwanda kimoja cha Lathrop, California, wanaume waliokuwa wanaitengeneza wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe: wewe uko na mtoto tangu uanze kazi hapa? Na wewe je? Walipopimwa, wengi walikutwa hawana mbegu za uzazi, ao ziko kidogo sana. Mwaka 1979 Marekani ikasimamisha karibu matumizi yote. Katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati dawa ileile ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi, na maelfu yao wakaenda mahakamani kwa miaka na miaka. Walikwenda kuua mnyoo ambaye hawajawahi kumwona kwa macho, wakarudi bila uwezo wa kuzaa.

Kulikuwa na njia nyingine, safi zaidi. Katika miaka ya 1940 wataalamu walichukua tomati ya pori ya Peru, Solanum peruvianum, wakaizalisha na tomati yetu ya kawaida. Haikuwa rahisi: mtoto alikuwa anakufa ndani ya mbegu, ikabidi wamtoe mapema na kumlea katika chupa. Kutoka mtoto huyo ndiko ilitoka jene inayoitwa Mi, na tomati nyingi zinazouzwa leo kama zenye kuvumilia nematodi ni wajukuu wake. Lakini Mi iko na ugonjwa wake: udongo ukipita digri 28, inalala. Muulize mtu wa Luvungi ao Kiliba kama udongo wake unajua kukaa chini ya 28.

Sasa tuache minyoo kidogo, twende kwenye maua.

Mwisho wa miaka ya 1980, kule Oakland, California, Carolyn Napoli, Richard Jorgensen na wenzao walikuwa wanafanya kazi katika kampuni ya mimea. Walikuwa na petunia ya zambarau. Wakafikiri hivi: kuna jene inayosaidia kutengeneza ile rangi, tukiongeza nakala nyingine ya jene hiyo, ua litakuwa zambarau kali zaidi. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, moja jumlisha moja. Wakaongeza. Katika 42 kwa mia ya mimea waliyoipata, maua yakatoka meupe, ao yenye mabaka meupe. Jene waliyoiongeza ilikuwa imenyamaza, na ile ya asili ilinyamaza pamoja nayo! Wangeweza kusema mbegu ilichanganyika na kutupa vyungu nje. Wao waliandika, ikachapishwa mwaka 1990. Mwaka uleule kikundi cha Uholanzi kikachapisha jambo hilohilo, kwa petunia vilevile. Mwaka 1992 Waitalia wakalikuta kwa kuvu, nao wakalipa jina lao. Kila mtu alikuwa na ajabu yake kwa jina lake, na hakuna aliyejua kwamba wameshika mguu na mkonga wa tembo mmoja.

Kule Cornell, mwaka 1995, Su Guo na Kenneth Kemphues walikuwa wanachunguza jene moja ya mnyoo Caenorhabditis elegans. Huyu ni nematodi pia, lakini mtu wa amani: milimita moja, anaishi huru, anakula bakteria, hasumbui mtu. Sydney Brenner alimchagua katika miaka ya 1960 kwa sababu ni rahisi kumfuga na mwili wake ni wazi kama kioo. Guo na Kemphues walitaka kunyamazisha jene yao kwa kuingiza ARN ya upande wa kinyume, ile inayoweza kuishika ARN ya jene na kuizuia. Ikanyamaza. Kama kawaida ya kazi nzuri, wakafanya na jaribio la kulinganisha: wakaingiza ARN ya upande wa kawaida, ambayo haikupaswa kufanya lolote. Nayo ikanyamazisha, sawasawa. Wakaliandika jambo hilo katika makala yao, hivyohivyo, bila kuwa na maelezo.

Mimi katika tefese yangu nilikuwa na ploti moja ambayo namba zake zilienda kinyume na zingine zote. Asistanti akaniambia: toa hiyo, itakuletea maswali siku ya kutetea. Nikaitoa. Nilipata distinksyo.

Jibu lilikuja mwezi wa pili wa 1998, katika gazeti la Nature. Andrew Fire, Craig Mello na wenzao walionyesha kwamba mkosefu si upande huu wala upande ule. Ni pande zote mbili zikishikana: ARN yenye nyuzi mbili. Katika zile chupa za labo, upande mmoja ulikuwa siku zote umechafuliwa kidogo na wa pili, na ule uchafu kidogo ndio uliokuwa unafanya kazi. Walichagua jene ambayo ikinyamaza mnyoo anatetemeka. Wakaingiza ARN ya nyuzi mbili, wakaona wanatetemeka, na watoto wao pia. Molekuli chache kwa kila seli zilitosha.

Ninyi wa bioloji mtanisahihisha, lakini kwa sisi wengine iko hivi. ADN ni karatasi ya asili, haitoki ofisini. ARN ni fotokopi inayotumwa nje ili proteini itengenezwe. Seli ikikutana na ARN ya nyuzi mbili inashuku, juu virusi vingi hupita kwa umbo hilo. Kuna anzaimu inayoikata vipande vidogo vya herufi ishirini na kitu. Kila kipande kinakuwa sawa picha ya mtu anayetafutwa: walinzi wanazunguka nayo ndani ya seli, na fotokopi yoyote inayofanana na picha inakatwa. Jene iko, haikuguswa, lakini sauti yake haifiki. Mwaka 1999, Andrew Hamilton na David Baulcombe kule Norwich wakavikuta vile vipande ndani ya mimea. Kumbe petunia, kuvu na mnyoo ilikuwa habari moja. Fire na Mello wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2006. Watu wa petunia hawakuwemo, na mimi bado naona kuna deni pale.

Sasa jambo lililowagusa wanaopigana na minyoo ya mashamba. Mwaka uleule wa 1998, Lisa Timmons na Fire walionyesha kwamba C. elegans hahitaji hata sindano. Mpe bakteria zinazotengeneza ile ARN, azile, na jene inanyamaza. Fikiria mtu wa agronomi anasoma hivyo! Nematodi anakula ARN na ananyamaza mwenyewe. Basi tumpe mnyoo wa mizizi ARN ndani ya chakula chake, yaani ndani ya mmea. Hakuna dawa ya kupiga, hakuna mtu wa kupimwa mbegu kule Lathrop.

Lakini mnyoo wa mizizi hakukubali kunywa.

Shida iko hivi. Mnyoo wa Meloidogyne, na binamu zake wanaotengeneza vifuko badala ya mafundo, anatoka kwenye yai akiwa na akiba yake ya mafuta. Anatembea ndani ya udongo, anatafuta mzizi, na muda wote huo hali. Mdomo wake ni sindano. Hafungui koo mpaka aingie ndani ya mzizi na kuchagua seli anazozitaka. Unaweza kumzamisha ndani ya maji yaliyojaa ARN, akakaa mle sawa mtu aliyefunga, akatoka vile aliingia. Na ukimsubiri aingie ndani ya mzizi, huwezi tena kumfikia na sindano yako ya labo.

Katika Chuo Kikuu cha Leeds, Peter Urwin, Catherine Lilley na Howard Atkinson walipata ujanja, wakauchapisha mwaka 2002. Walichukua minyoo ya soya na ya viazi, wale wa vifuko, wakaweka ndani ya maji oktopamini, kemikali inayoamsha koo la mnyoo. Minyoo wakaanza kumeza, na ndani ya yale maji kulikuwa na ARN ya nyuzi mbili. Halafu wakawaachia kwenye mizizi. Jene moja waliyoilenga ilikuwa ya anzaimu inayosaidia kusaga chakula. Kawaida katika jaribio lile walikuwa wanapata majike matatu kwa dume moja. Baada ya ARN ikawa moja kwa moja. Kwa minyoo hawa, anayekula vibaya anakuwa dume, na jike ndilo linalovimba na kujaza mayai. Kwa hiyo hawakuua mtu, waliharibu kizazi. Nikisoma hapo nawaza juu ya wale wanaume wa Lathrop, sasa upande wa pili umefika.

Miaka minne baadaye ujanja wa oktopamini haukuhitajika tena. Ili uelewe, lazima ujue mnyoo anafanya nini ndani ya mzizi. Anachoma seli chache na sindano yake, anatema mate. Ndani ya mate kuna proteini zinazoiambia seli: kua, lakini usigawanyike. Seli inakuwa kubwa sana, yenye viini vingi, inajaa chakula, na mnyoo anakaa pembeni akinyonya. Mojawapo ya amri hizo ni kitu kidogo chenye asidi amino 13 tu, kilichopewa jina 16D10. Kinashika proteini za mmea zinazosimamia ukuaji wa mzizi. Guozhong Huang, Richard Hussey na wenzao wa Georgia, pamoja na watu wa Iowa na North Carolina, wakatengeneza mmea wa Arabidopsis unaoandika ndani ya seli zake ARN ya nyuzi mbili ya jene hiyo ya mnyoo. Mmea hauna kazi na jene ile, haumdhuru. Lakini mnyoo anaponyonya, anakunywa vile vipande, na jene yake ya kutoa amri inanyamaza. Mafundo yakapungua sana kwa aina nne kubwa za Meloidogyne pamoja: incognita, javanica, arenaria na hapla. Hiyo ilikuwa 2006. Mwaka uleule watafiti wa India wakafanya vile kwa tumbaku, wakilenga jene zingine, na tumbaku ikasimama.

Mi inalinda dhidi ya aina kadhaa lakini hapla inaipita. Hapa sehemu moja fupi ya ARN ilishika wote wanne, kwa sababu ile amri ya 16D10 karibu haibadiliki kutoka mnyoo mmoja hadi mwingine. Na mwaka 2008 ilipochapishwa jenomu nzima ya incognita na ya hapla, orodha ya jene za kulenga ikawa ndefu.

Lakini mnyoo pia anaicheza ARN, na ya mmea wenyewe. Mmea uko na mikroARN zake, vipande vidogo vya kusimamia jene zake. Mwaka 2012 Tarek Hewezi, Thomas Baum na wenzao walionyesha kwamba mnyoo wa vifuko akianza kujenga jiko lake ndani ya mzizi wa Arabidopsis, mikroARN moja, ya namba 396, inashuka pale, na jene za ukuaji ilizokuwa inazifunga zinafunguka. Jiko likishakamilika, mikroARN inapanda tena na ujenzi unasimama. Kwa maneno mengine mnyoo anaingia katika nyumba ya watu, anapunguza sauti ya redio wakati wa kupanga vitu vyake, halafu anairudisha. Mwaka mmoja baadaye kikundi cha Hailing Jin kikaonyesha kwamba kuvu ya Botrytis inatuma ARN zake ndogo ndani ya seli za mmea na kunyamazisha ulinzi. Mwaka 2014 mnyoo wa tumbo la panya akakutwa anafunga mikroARN zake ndani ya vifuko vidogo na kuzituma katika seli za panya. Tangu hapo, mtu anayechunguza fundo la tomati hawezi tena kutafuta proteini peke yake.

Na shambani? Marekani ilikubali mwaka 2017 mahindi yenye ARN ya namna hiyo, na mwisho wa 2023 dawa ya kunyunyizia ya ARN kwa viazi. Zote mbili ni juu ya wadudu wa jamii ya mbawakawa, ambao wanaimeza ARN bila kubembelezwa. Karibu na sisi, Uganda, ndizi iliyobadilishwa ili kuvumilia nematodi ilijaribiwa shambani, matokeo yakachapishwa 2015; lakini ile ilitumia proteini, siyo ARN. Sokoni Uvira mbegu ya 16D10 haiko.

Kwa hiyo kwa yule mama sikuwa na ARN ya kumpa. Nilimweleza habari ya mnyoo, nikapasua fundo na wembe, nikamwonyesha jike kwa kioo cha kukuza. Aliangalia muda mrefu. Nikamwambia kuhusu kubadilisha na mahindi, ingawa mahindi nayo yanaweza kumlisha mnyoo wa aina fulani, kuhusu kung'oa mizizi yote baada ya mavuno na kuichoma, na kwa ndizi zake, kumenya kitako cha chipukizi na kukitumbukiza ndani ya maji yanayochemka kwa sekunde 30 kabla ya kupanda. Alinisikiliza, halafu akauliza swali moja: wanaingia shamba jipya namna gani, kama wako wadogo hivyo na hawana miguu?

Nikamuuliza kitalu chake cha miche anakifanyia wapi.

« Pale chini ya mwembe, » akasema, « palepale kila mwaka, tangu marehemu bwana yangu. »